Andiko Lililokwama: Kutafuta Chanzo kuanzia Kubunga Bongo hadi Kuhariri

Andiko linapokataa kusonga, wengi wetu huhangaika papo hapo lilipokwamia. Asiyepata sentensi ya kwanza huendelea kuukodolea macho ukurasa mtupu. Aliyeambiwa kwamba hoja yake haieleweki huirudia aya inayolalamikiwa na kubadilisha maneno mawili matatu. Aliyerudishiwa ripoti na mkuu wa idara husahihisha hijai na kuituma tena, kisha hushangaa inaporudi mara ya pili. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Unachukulia kwamba tatizo linalojitokeza katika hatua fulani ya uandishi aghalabu limezaliwa katika hatua iliyotangulia, na kwa hivyo kazi ya kwanza ya mwandishi ni kupanda juu kutafuta chanzo, kama fundi wa mabomba aliyeitwa ghorofa ya tatu kule Pipeline, mtaa wa magorofa jijini Nairobi, kwa sababu dari inavuja: hashughuliki kupaka dari rangi, huenda kubisha milango ya ghorofa ya nne na ya tano.

Hatua zenyewe zinajulikana na yeyote aliyepitia somo la insha: kubunga bongo (yaani kutoa mawazo mengi bila kuyachuja), kukusanya habari, kupanga, kuandika rasimu, kudurusu (kuipitia upya hoja na mpangilio wake), kuhariri (kurekebisha maneno na sarufi), na kuisoma nakala ya mwisho ili kunasa makosa madogo. Hufundishwa kwa mfuatano huo, na ni sawa, maana mwanafunzi hana budi kuanzia mahali. Hata hivyo, anayeandika kwa kweli haendi kwa mstari ulionyooka. Linda Flower na John Hayes, watafiti wa Marekani waliowataka waandishi waseme kwa sauti yote yaliyowapitia akilini huku wakiandika, walieleza mwaka 1981 kwamba kupanga, kutia mawazo katika maneno na kuyapitia upya huingiliana tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Mtu hupanga, huandika kidogo, hugundua kwamba mpango una ufa, hurudi kuuziba, huendelea. Anayejua hivyo haoni haya kuirudia hatua aliyodhani ameimaliza, na bila ruhusa hiyo mengi yatakayoelezwa hapa chini hayatekelezeki.

Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja: makala ya maneno 1,000 hivi kuhusu uhaba wa maji jijini Nairobi, inayoandikwa na mkazi wa Embakasi anayenunua maji kwa mitungi ya lita 20. Mada hii imechaguliwa kwa kuwa kila mkazi wa jiji ana la kusema juu yake, na mada ambazo kila mtu ana la kusema juu yake ndizo zinazowakwamisha watu zaidi.

Dalili: ukurasa unabaki mtupu

Hii ndiyo dalili inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu ina vyanzo vitatu visivyofanana, na dawa ya kimoja huweza kukizidisha kingine. Kabla ya lolote, fanya jaribio. Washa kinasa sauti cha simu, au mtafute mtu aliye tayari kukusikiliza, umweleze mada yako kwa dakika tatu bila karatasi mkononi. Kisha utazame kilichotokea.

Ikiwa umezungumza bila taabu na msikilizaji amekuelewa, basi mawazo unayo na mpango unao nusu. Kinachokuzuia ni kwamba unaihukumu kila sentensi kabla haijafika kwenye karatasi. Alex Osborn, Mmarekani aliyefanya kazi ya matangazo ya biashara na kuieneza mbinu ya kubunga bongo, aliweka sharti kwamba wakati wa kutoa mawazo hakuna kukosoa, na kwamba wingi hutangulia ubora. Sharti hilo hupuuzwa hata na wanaoitaja mbinu hiyo kila wiki ofisini. Kwa mtu anayeandika peke yake, njia rahisi ya kulitimiza ni kuandika kwa dakika kumi mfululizo bila kuinua mkono na bila kufuta, hata kama sentensi zinajirudia. Mengi utakayoandika yatatupwa, na hakuna ubaya, kwa kuwa hakuna aliyesema kwamba huo ndio mwanzo wa makala.

Ikiwa umenyamaza baada ya nusu dakika, tatizo ni jingine kabisa: hujui vya kutosha. Hapa ushauri wa kuandika mfululizo ni wa kudhuru, maana utakufanya uzungushe maneno yale yale na kujiaminisha kwamba huna kipaji. Bongo halitoi kilichokuwa hakijaingia. Inuka mezani. Mwandishi wa makala ya maji amuulize mwenye mkokoteni anachota wapi, analipa kiasi gani kwa kila mtungi na bei hubadilika siku zipi; aitafute ratiba ya mgao wa maji ya mtaa wake na kuilinganisha na siku ambazo mfereji hutoka maji kwa kweli; asome kuhusu bwawa la Ndakaini, lililo katika Kaunti ya Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo zipatazo milioni 70, na ambalo jiji hulitegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake. Akishajua kwamba maji ya jikoni mwake yameanza safari katika kaunti nyingine, tayari ana swali ambalo hakuwa nalo asubuhi. Anayehitaji kuona jinsi tatizo lilivyozungumzwa miaka ya nyuma ana Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931 na yenye hazina ya magazeti ya zamani, na ana maktaba kuu ya Huduma ya Maktaba za Taifa kule Upper Hill.

Ikiwa dakika tatu zimekwisha na umegusa mgao, mito iliyochafuliwa, ufisadi, ukuaji wa jiji, kipindupindu na mvua ya mwaka jana, basi una mawazo ya kutosha makala kumi na huna hata moja ya kuandika leo. Mada ni pana mno. Ipunguze kwa kuuliza nani, wapi na lini mpaka uone nyumba na watu. "Uhaba wa maji Nairobi" haiandikiki. "Kwa nini mtungi wa maji hupanda bei katika mtaa wangu wiki ambayo mtaa wa jirani una maji ya mfereji?" ni swali linaloweza kujibiwa na mtu mwenye miguu na simu.

Neno moja kuhusu kubunga bongo katika kikundi, kwa sababu ofisi na vilabu vya wanafunzi huchukulia kwamba watu wanne mezani huzaa mawazo mara nne. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1958 ulilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walitoa mengi zaidi. Tafiti za baadaye zilionyesha sababu moja kuu, nayo ni ya kawaida sana: mtu mmoja anaposema, wengine hungoja, na katika kungoja wazo huwaponyoka. Kikundi chako kikikaa saa nzima na ubao ukabaki na mistari mitano, usiwalaumu watu wala usiwaongezee chai. Mpe kila mmoja karatasi na dakika kumi za kimya, kisha ndipo mkutane. Katika ofisi nyingi za mjini kuna sababu nyingine isiyotajwa: mkubwa akishasema lake, wadogo huliunga mkono. Karatasi iliyoandikwa kabla hajasema hulimaliza tatizo hilo bila kumvunjia mtu heshima.

Dalili: mawazo yako tele lakini hayapangiki

Orodha imejaa, kila jambo linaonekana la maana, na kila mpangilio unaoujaribu unaonekana sawa na uliopita. Wengi huamini kwamba hapa wanahitaji ujuzi zaidi wa kupanga. Mara nyingi wanachokosa ni kauli. Vitu havipangiki mpaka ijulikane vinapangwa kwa ajili gani.

Jaribio lake ni kuikamilisha sentensi hii kwa maandishi: "Msomaji akimaliza kusoma, nataka aamini kwamba..." Ukiandika "maji ni muhimu" umeshindwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuamini vingine. Ukiandika "familia inayonunua maji kwa mtungi hulipia kila lita ghali kuliko familia yenye mfereji, na ratiba ya mgao peke yake haitaliondoa pengo hilo", sasa orodha inaweza kuchujwa. Jambo lisiloisaidia sentensi hiyo hutoka, hata likiwa tamu. Kipindupindu kitaingoja makala nyingine.

Kasoro ya pili ya hatua hii ni kiunzi, yaani mpango wa makala ulioandikwa kwa mistari, kilichojaa maneno matupu. Mwandishi huandika "Utangulizi, Sababu, Athari, Suluhisho, Hitimisho" na kudhani amepanga, ilhali mpango huo unafaa makala ya maji, ya takataka za Dandora na ya nauli za matatu kwa kiwango kile kile, yaani haufai yoyote. Kila mstari wa kiunzi uwe sentensi kamili inayodai jambo. Ukizisoma sentensi hizo moja baada ya nyingine na zikakataa kufuatana, kasoro utaiona ikiwa bado inagharimu dakika tano kuirekebisha. Ukiisubiri ndani ya rasimu itagharimu siku nzima.

Dalili: rasimu inakatika katikati

Rasimu zinazokatika hazikatiki mahali pamoja, na mahali zinapokatika ndipo penye habari. Angalia kilichokuwa mbele yako ulipoacha.

Ikiwa uliacha kwa sababu hukuikumbuka bei, tarehe au jina, uliingiza kazi ya kukusanya habari ndani ya kazi ya kuandika. Ukaenda mtandaoni kutafuta tarakimu moja, na saa moja baadaye ukajikuta unasoma habari za mpira. Acha alama usiyoweza kuipuuza, kwa mfano TAFUTA BEI HAPA kwa herufi kubwa, na uendelee. Tarakimu zote zitatafutwa kwa pamoja rasimu itakapokwisha, na nyingine utagundua hukuzihitaji.

Ikiwa uliacha kwenye mpito, pale hoja ya pili inapokwisha na ya tatu hajui mtu itaingiaje, usiunde kiunganishi cha kupendeza. Maneno kama "licha ya hayo" na "fauka ya hayo" yamebebeshwa kazi isiyo yao katika insha nyingi za humu nchini. Hugundisha hoja mbili zisizohusiana, na msomaji huhisi gundi. Rudi kwenye kiunzi uulize kama hoja ya tatu haikustahili kuwa ya kwanza, au kama kuna hoja iliyorukwa kati yake na ya pili.

Ikiwa uliacha kwa sababu hauiamini tena kauli yako, hiyo ni habari njema iliyovaa nguo za habari mbaya. Kuandika ni njia mojawapo ya kufikiri, na mtu akifikiri vizuri huweza kubadili msimamo. Mwandishi wetu alianza akiamini kwamba wenye mikokoteni ndio wanaowanyonya wakazi. Akiwa katikati akahesabu gharama zao na kuona kwamba faida kubwa iko juu zaidi katika mnyororo. Asiilazimishe rasimu ya zamani kumaliza. Aandike kauli mpya, akichunguze kiunzi, na atashangaa ni aya ngapi za zamani zinaweza kubaki zilivyo.

Na ikiwa unaacha kila baada ya sentensi moja ili kuisugua? Mike Rose alichapisha mwaka 1980 utafiti kuhusu wanafunzi kumi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, watano waliokuwa wakikwama na watano waliokuwa wakiandika bila shida kubwa. Waliokwama hawakuwa na uwezo mdogo. Walikuwa na kanuni ngumu walizozitii kama sheria: kwamba lazima aya ya kwanza imnase msomaji, kwamba kila sentensi lazima iwe sahihi kisarufi kabla ya kuandika inayofuata, kwamba mpango lazima uwe na kila kitu. Waliosonga walikuwa na kanuni pia, ila walikuwa tayari kuiacha ile isiyosaidia. Kwa Mkenya aliyelelewa na insha za mtihani kanuni hizo zina sura yake: lazima nianze kwa methali, lazima msamiati uwe mzito, lazima kila aya iwe na tamathali. Ziandike kanuni zako kwenye karatasi. Ile inayoonekana ya ajabu ikishaandikwa ndiyo inayokuzuia. Ukishindwa na aya ya kwanza, anza na ya tatu, msomaji hatajua.

Kuna kizuizi kingine cha kimashine. Programu ya kuandikia ikiwa inakagua Kiingereza, rasimu ya Kiswahili itajaa mistari myekundu chini ya karibu kila neno, na simu itabadilisha maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza mwandishi akiwa bado anaandika. Hakuna anayeweza kufikiri akiwa anakosolewa mara mia kwa ukurasa na mkosoaji asiyeijua lugha. Zima ukaguzi na usahihishaji wa kujiendesha mpaka rasimu iishe.

Vivyo hivyo kuhusu lugha ya rasimu. Mwandishi wa Nairobi hufikiri kwa Kiswahili, Kiingereza, Sheng na lugha ya nyumbani katika dakika moja. Likikujia neno la Sheng, liandike na uendelee. Rasimu si mahali pa kupigania usanifu. Madhara huja baadaye, pale mtu anapoipitia rasimu ya aina hiyo na kubadilisha neno moja moja huku sentensi ikibaki na mifupa ya kigeni. Aya iliyozaliwa katika lugha nyingine isomwe, ifunikwe kwa mkono, kisha iandikwe upya kwa Kiswahili bila kuitazama.

Dalili: msomaji anasema, "Nimesoma, lakini sijaona unataka nini"

Maneno haya huumiza, na mwandishi hukimbilia kuongeza maelezo. Kabla ya kuongeza, chukua kalamu na uandike kando ya kila aya, kwa maneno yasiyozidi kumi, jambo ambalo aya hiyo inasema. Usiandike ulichokusudia iseme. Ukimaliza, soma pambizo peke yake.

Mambo matatu hujitokeza. Aya mbili, aghalabu ya pili na ya sita, zinasema jambo moja. Aya nyingine inasema mambo matatu, hivyo haikumbukwi kwa lolote. Na kauli iliyo bora kuliko zote, ile inayoeleza hasa kwa nini mtungi hupanda bei, imejificha katika aya ya mwisho, kwa kuwa mwandishi aliifikia alipokuwa amechoka. Hili la tatu ni la kawaida mno kiasi kwamba ningemshauri mtu yeyote aliyemaliza rasimu aitazame aya yake ya mwisho kwanza na ajiulize kama hapo ndipo makala yalipopaswa kuanzia.

Nancy Sommers, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, aliwalinganisha wanafunzi 20 na waandishi wazoefu 20, wakiwemo wanahabari na wahariri. Wanafunzi, walipoambiwa wadurusu, walibadilisha maneno. Wazoefu walitafuta umbo la hoja, wakahamisha, wakakata na kuongeza. Tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika miswada. Aliyebadilisha "kubwa" kuwa "kuu" na "sababu" kuwa "kiini" amefanya kazi ya kuhariri kwenye andiko ambalo bado linahitaji kudurusiwa, na aya aliyoipamba huenda ndiyo iliyopaswa kuondolewa. Tena, ukishaipamba aya unaipenda, na unayempenda humfukuzi. Kwa hivyo kata kwanza, pamba baadaye.

Dalili: insha ni fupi, au imejaa maneno yasiyo na kitu

Hizi ni dalili mbili za chanzo kimoja, yaani kubunga bongo kulikofanywa harakaharaka. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, mtahiniwa ana saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja ikiwa na alama 20 na urefu usiopungua maneno 400. Anayeanza kuandika dakika ya pili huishiwa kwenye neno la 250, na hapo ndipo wahenga wanapoitwa kwa wingi: methali tano katika aya moja, "kucha kutwa", "hayawi hayawi huwa", anga za rangi ya zambarau ambazo hakuna aliyewahi kuziona juu ya Kayole. Msahihishaji anaijua mbinu hiyo kuliko anayeitumia.

Ukitenga dakika 50 kwa kila insha, dakika tano za mwisho wa kipindi zitabaki za akiba. Katika hizo 50, toa nane kwa kubunga bongo na kiunzi, 35 kwa kuandika, na saba kwa kusoma ulichoandika. Dakika nane zinaonekana nyingi mwenzako akiwa tayari amegeuza ukurasa. Hata hivyo, hoja tano zilizopatikana hapo, kila moja ikiwa na mfano wake, huzifikisha insha kwenye maneno 400 bila msaada wa mtu. Katika chumba cha mtihani hakuna muda wa kudurusu kwa maana halisi, kwa hivyo kudurusu hufanyiwa kiunzi badala ya rasimu. Hapo pia ndipo pa kulisoma swali mara ya pili, maana insha iliyojibu swali lisiloulizwa haiokolewi na sarufi.

Dalili: umehariri mara nyingi na makosa bado yapo

Chanzo cha kwanza ni kwamba unasoma kwa kumbukumbu. Jicho lililoandika sentensi huona kilichokusudiwa. Libadilishie mazingira: chapisha kwenye karatasi, au geuza aina na ukubwa wa herufi, au lala usiku mmoja kabla ya kusoma. Kusoma kwa sauti kunapita yote hayo, hasa kwa Kiswahili, ambamo upatanisho ulioharibika husikika kabla haujaonekana.

Chanzo cha pili ni kutafuta makosa yote kwa mkupuo mmoja. Tafuta aina moja kwa kila usomaji. Katika maandishi ya Nairobi mimi ningeanza na virejeshi, kwa sababu mazungumzo ya mitaani yametuzoesha "mtu mwenye aliniuzia maji" na "mitungi yenye nilinunua", ambayo katika maandishi rasmi ni "mtu aliyeniuzia maji" na "mitungi niliyonunua". Usomaji wa pili uwe wa upatanisho katika sentensi ndefu, mahali ambapo kitenzi husahau nomino yake na kufuata iliyo karibu: "Bei ya mitungi ya maji yanayouzwa na wenye mikokoteni yamepanda." Kilichopanda ni bei, basi imepanda. Usomaji wa tatu uwe wa maneno yanayounganishwa au kutenganishwa pasipostahili, kama "kwasababu" na "ijapo kuwa". Wa nne uwe wa makosa ambayo hakuna programu itakayoyaona kwa kuwa neno lililoandikwa lipo katika kamusi: "ana maji" palipokusudiwa "hana maji", au "mahari" palipokusudiwa "mahali". Herufi moja hapo hugeuza habari nzima.

Chanzo cha tatu ni cha juu zaidi. Sentensi iliyosahihishwa mara tatu na bado ikawa na kosa huwa haina kosa la sarufi pekee. Mwandishi hajaamua inasema nini. Ivunje. Uliza nani alifanya nini, uandike jibu kwa sentensi mbili fupi, na mara nyingi kosa huondoka bila kutafutwa.

Tarakimu, majina ya watu na ya mahali vipewe usomaji wao peke yao, mwisho kabisa, kila kimoja kikilinganishwa na kilikotoka.

Dalili: wasomaji wawili, maoni yanayopingana

Mmoja anataka makala yawe mafupi, mwingine anataka mifano zaidi. Kabla ya kuamua nani ana haki, kumbuka uliwaomba nini. Ukimpa mtu rasimu ya kwanza na kumwambia tu "nisomee", atakusahihishia koma, kwa kuwa koma ndizo zinazoonekana upesi, na atakuwa ameupoteza muda wake kwenye aya utakayoifuta kesho. Rasimu ya kwanza ipelekwe na swali la hoja: ni wapi ulipoacha kuniamini? Rasimu iliyodurusiwa ipelekwe na swali la mwendo: ni wapi uliposoma mara mbili? Ile ya mwisho ndiyo ya koma, na impate mtu asiyewahi kuiona.

Maoni yakiendelea kupingana, angalia mahali yanapoelekeza badala ya dawa yanayopendekeza. Wasomaji wawili wakiitaja aya ya nne, mmoja akitaka ifupishwe na mwingine irefushwe, aya ya nne ina tatizo hakika, na huenda dawa yake hakuna aliyeitaja kati yao. Mkubwa wako wa kazi ni msomaji pia, ila maoni yake yana uzito wa aina nyingine. Muulize mapema, wakati wa kiunzi, ili asije akabadilisha kauli kuu siku ya kuchapisha.

Dalili: kuhariri hakuishi

Wapo wasiomaliza. Hubadilisha "lakini" kuwa "ila" jioni na kurudisha "lakini" asubuhi. Hifadhi nakala ya kila siku yenye tarehe yake na ulinganishe mbili za mwisho. Ikiwa mabadiliko ni ya hoja, bado unadurusu, na unahitaji siku nyingine. Ikiwa ni maneno yale yale yanayokwenda na kurudi, mhariri anangoja na makala yana maneno yake 1,000: yatume leo.